Chama kinataka pikapu yangu, shemeji anasema nisilipe ushuru: nimsikize nani?

Dada, salamu nyingi na pole kwa kazi.

Mimi ni fundi stima hapa Pwani, umri wangu miaka 41, na kazi hii naifanya tangu 2009. Leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ninayo. Nina vijana wawili ninaowachukua kazi ikiwa kubwa, na pikapu kuukuu niliyomaliza kuilipia mwaka juzi. Sina mwajiri. Kazi ikija natia waya, isipokuja nakaa barazani nikingoja simu ilie. Mke wangu ndiye anayeweka daftari la hesabu.

Yaliyonifanya nikuandikie ni matatu, lakini nahisi shina lake ni moja.

La kwanza ni la pesa nilizokatwa. Mwezi wa tatu nilimaliza kazi ya kubadilisha nyaya za mabweni mawili na jikoni kwenye shule moja ya kibinafsi. Tulipatana shilingi 480,000. Siku ya malipo ikaingia benki 465,600. Nikampigia karani wa hesabu, akaniambia, “Hizo 14,400 ni za serikali, fundi.” Nikamuuliza nitakatwa mara ngapi, na mimi nimeambiwa kuna tanova ya asilimia 3 inayonisubiri? Akasema yeye hajui, sheria ndiyo hiyo. Kwenye kazi ile tulinunua vifaa vya 310,000, vibarua wakala 60,000, usafiri 15,000. Mke wangu alipopiga hesabu tulikuwa tumebakiwa na 95,000, na humo ndimo zikatoka hizo 14,400. Mwaka jana hoteli moja ilinikata vivyo hivyo mara nne, nikanyamaza nisije nikapoteza kazi.

La pili ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Yeye ni mtu wa upinzani, tena wa kufa kupona. Kila nikilalamika ananiambia, “Usijisumbue na watu wa ushuru. 2027 hawa wanaenda nyumbani na ushuru wao wanaenda nao.” Kwa kumsikiliza yeye, miaka miwili sasa nakwenda saiba, namlipa kijana shilingi 200, ananipelekea ritani ya nil, ananipa karatasi, natoka.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Mwenyekiti wa tawi wa chama kilicho serikalini amenijia nyumbani mara mbili. Anataka pikapu yangu Jumamosi tatu, wazungushe vipaza sauti, na anataka mchango wa 50,000 wa fulana. Kasema fundi asiye na chama hufa njaa, na kwamba tenda zikitoka watu wataulizwa walikuwa upande gani. Maneno hayo yananiuma kwa sababu kuna kaunti moja ninayoidai 640,000 tangu mwanzo wa 2022, kazi ya taa za soko. Uchaguzi ukaja, gavana akabadilika, na tangu siku hiyo naambiwa madeni yanakaguliwa. Najiuliza, labda ningekuwa na chama ningeshalipwa.

Mke wangu amesema pikapu haitoki. Mimi nikamjibu vibaya, na hii ni wiki ya pili hatuzungumzi sawasawa. Nijiunge na chama? Nisubiri 2027? Na hizi asilimia tatu tatu ni zipi na zipi?

Fundi wa Pwani

*

Kaka yangu, nianze na zile 14,400, kwa sababu ni zako.

Shule haikukuibia. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka anayemlipa mkandarasi wa ujenzi au wa kazi za uhandisi shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi akate asilimia 3 na kuipeleka KRA, mamlaka ya ushuru. Kwa wataalamu wengine, kama wakili au mshauri, hukatwa asilimia 5. Pesa hiyo inapelekwa kwa jina lako, kwa PIN yako, yaani namba yako ya mlipa ushuru. Ni ushuru wako wa mwaka uliolipwa mapema kwa mkono wa mteja. Mwisho wa mwaka unapojaza ritani, unaitoa kwenye unachodaiwa, na ikiwa ulikatwa kupita deni lako, ziada ni haki yako kuidai.

Aliyekata anatakiwa aifikishe ndani ya siku tano za kazi, na ikishafika mtambo wa iTax hutoa cheti kinachokuja kwenye barua pepe uliyojiandikishia PIN. Sasa nikuulize: barua pepe hiyo unaifungua? Mafundi wengi niliowahudumia walifunguliwa PIN na kijana wa saiba kwa barua pepe ya saiba, na vyeti vyao vimelala huko miaka. Ingia iTax, utazame vyeti vya zuio, yaani vya hizo pesa ulizokatwa, vilivyo kwenye PIN yako. Cha shule kinatakiwa kuwepo, na vile vinne vya hoteli. Kisichoonekana, mwandikie mteja barua ya heshima umwombe nakala. Hapo ndipo utakapojua kama pesa ilifika serikalini au iliishia njiani.

Tanova ni kitu kingine kabisa, na naelewa kwa nini umechanganyikiwa, maana zote mbili ni asilimia 3. Tanova ni ushuru wa mauzo kwa biashara inayoingiza zaidi ya milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hukokotolewa kwenye pesa yote iliyoingia. Haiulizi ulinunua waya wa ngapi. Mwenye duka la kukodisha viti anaweza kuona asilimia 3 ni nyepesi. Wewe, kwa kazi ile ya shule, asilimia 3 ya 480,000 ni 14,400, na faida yako ilikuwa 95,000. Umeshatoa zaidi ya shilingi 15 kwa kila 100 ulizobakiwa nazo.

Kwa hivyo kabla hujajiandikisha tanova kwa sababu jirani kajiandikisha, jua mambo mawili. Sheria imeziondoa humo ada za kitaalamu na za usimamizi, na ukisoma tafsiri ya maneno hayo katika sheria yenyewe utakuta imegusa hata huduma za kandarasi. Beba mkataba wako wa shule uende nao kwenye ofisi ya KRA, uwaulize kwa maandishi mapato ya aina hii yanakaa wapi. La pili, hata mwenye kuingia kwenye tanova anaruhusiwa kumwandikia Kamishna barua kusema anachagua ushuru wa kawaida wa mwaka. Barua moja tu.

Nikupigie hesabu uone uzito wake. Tuseme mwaka mzima umeingiza 2,400,000, na gharama zenye ushahidi ni 1,900,000. Kwa tanova ungetoa 72,000. Kwa njia ya mwaka, faida ni 500,000: kwa 288,000 za kwanza unatozwa asilimia 10, yaani 28,800, kwa 100,000 zinazofuata asilimia 25, yaani 25,000, kwa 112,000 zilizobaki asilimia 30, yaani 33,600. Jumla 87,400. Toa nafuu ya kila mlipa ushuru, 28,800 kwa mwaka, ubaki na 58,600. Sasa, kama nusu ya mapato yako, 1,200,000, ilitoka kwa mashule na mahoteli yanayokata, umeshalipiwa 36,000. Unachodaiwa ni 22,600. Ushuru wa nyumba na mchango wa SHA, ile bima ya afya, nimeuacha kando hapa, nitaurudia.

Ona nilivyoandika “gharama zenye ushahidi”. Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye dawati la hesabu la duka la vifaa vya ujenzi. Fundi anakuja na orodha yake kwenye kipande cha kasha la sigara, waya wa 2.5, roli tatu, meinswichi, soketi, paipu. Tukimaliza kujumlisha anainama kwenye kaunta na kusema kwa sauti ya chini, “Dada, usinikatie risiti, nipunguzie mia tano.” Na nilikuwa naona duka likimpunguzia. Zamani hasara ya jambo lile ilikuwa ndogo. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mtambo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kwenye hesabu ya ushuru wa mapato. Zile 310,000 za vifaa vya shule, ukizinunua bila ankara, KRA inazihesabu kama faida yako. Kwa aliyefika ngazi ya asilimia 30 hiyo ni 93,000, imetolewa kwa ajili ya mia tano. Kata ankara kwa PIN yako kila ununuapo, na wewe pia mkatie mteja yako. Hata kwa simu ya kawaida kuna *222#. Vibarua walipe kwa M-Pesa na uandike jina na namba ya kitambulisho cha kila mmoja. Daftari la mke wako ni zuri, lakini peke yake halitoshi tena.

Kuhusu nil, hapo sitakubembeleza. Kupeleka nil maana yake umetamka kwamba hukupata chochote, na wakati huohuo shule na hoteli zimepeleka pesa KRA kwa PIN yako zikisema zilikulipa. Karatasi mbili zinazokanushana zimelala ndani ya mtambo mmoja. Hujashikwa kwa sababu hujafikiwa. Sheria ya Taratibu za Ushuru inakuruhusu kurekebisha ritani uliyoipeleka mwenyewe, ndani ya miaka mitano. Rekebisha zote mbili sasa hivi, kabla hujaandikiwa wewe. Huenda ukatakiwa kulipa ushuru kidogo pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi na faini ya kuchelewa, na huenda vyeti vya zuio vikafunika sehemu kubwa. Usiende saiba kwa hili. Mlipe mhasibu mwenye leseni, siku moja ya kazi yake itakutosha.

Sasa shemeji yako. Sina ugomvi na mtu kuwa na chama. Ila akuonyeshe tangu lini ushuru wa fundi ulikwenda nyumbani na serikali iliyouleta.

Chukua tanova hiyohiyo. Januari 2019, chini ya Jubilee, wafanyabiashara wadogo walitozwa ushuru wa kukadiriwa, asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara ya kaunti. Januari 2020 tanova ikarudishwa juu yake kwa asilimia 3. Aprili 2020 corona ilipobana tanova ikashushwa hadi asilimia 1, na ule wa kukadiriwa ukaondolewa. Mara tatu ndani ya miezi 16, serikali ileile, chama kilekile. Ikaja 2022, kampeni nzima ya Kenya Kwanza ikapigwa kwa jina la hasla, mama mboga, mtu wa boda na fundi kama wewe. Julai 2023, mwaka haujaisha tangu waapishwe, Sheria ya Fedha ikairudisha tanova kwenye asilimia 3, na VAT ya petroli na dizeli ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Pikapu yako iliihisi hiyo kabla yako.

Azimio, muungano wa upinzani, waliipinga sheria ile bungeni. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia Bunge, wengine hawakurudi kwao wakiwa hai, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Agosti hiyohiyo John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha. Disemba 2024 ikaja sheria nyingine ya kurekebisha sheria za ushuru, na baadhi ya yaliyokuwa kwenye mswada ule yakarudi kwa mlango huo. Tanova ikabaki asilimia 3. Mtu wa upinzani amekaa kwenye kiti cha Hazina na kiwango chako hakikusogea.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa ushuru wa nyumba. Ulipoanza 2023 ulikatwa kwa wenye mishahara, asilimia 1.5, na mwajiri akiongeza nyingine. Watu wakaenda kortini. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema haufai kikatiba, na moja ya sababu ni kwamba uliwabagua wenye ajira rasmi ukawaacha wengine. Walioupinga walishangilia, na nadhani shemeji yako alikuwemo. Serikali ilikwenda ikaandika sheria mpya, ikatiwa saini tarehe 19 Machi 2024, na safari hii ikaziba lile pengo kwa kukuingiza wewe: asilimia 1.5 ya mapato, hata kwa asiye na mwajiri. Ushindi wa wenye mishahara uliingia nyumbani kwa fundi ukiwa deni. Sisemi wasingekwenda kortini. Nasema hakuna aliyekuwa pale akizungumza kwa niaba ya mtu anayeishi kwa kazi ya leo na kesho, wala upande wa serikali wala upande wa walioshtaki. Mchango wa afya ndio vilevile. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 mwezi kwa mwezi, wewe unakadiriwa mapato ya nyumba yako na unatakiwa utoe wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa uchache ni shilingi 300 kwa mwezi. Aliyeandika hivyo hakuwahi kungoja hundi ya kaunti.

Ndiyo maana nakwambia siasa inakuhusu sana, ila hiyo ya vipaza sauti sio yenyewe. Kila mwaka Mswada wa Fedha hufika bungeni kufikia mwisho wa Aprili na hupitishwa kufikia mwisho wa Juni. Hapo katikati, Mei, Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa hutangaza magazetini kwamba inapokea maoni ya wananchi, kwa maandishi na kwa vikao. Wenye mabenki huenda na mawakili. Wenye viwanda huenda. Vyama vya wahasibu huenda na kurasa mia. Mafundi stima sijawaona. Mngekuwa ishirini wa mji mmoja, mkaandika ukurasa mmoja tu kwa Kiswahili, mkaweka kazi ile ya shule kama ilivyo, 480,000, 310,000, 95,000, mkaomba mambo mawili: sheria iseme wazi kwamba kandarasi za mafundi hazimo kwenye tanova, na mchango wa SHA ulipwe mwezi kwa mwezi kwa asiye na mshahara. Hesabu ya mtu aliyeshika koleo haijibiki kwa hotuba. Na mbunge wenu apewe nakala, maana kura yake huandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, naye Agosti 2027 atakuja kwenu. Karibu zaidi na hapo kuna bunge la kaunti, linalopitisha Sheria yake ya Fedha na kuweka ada ya leseni yako ya biashara. Mwakilishi wadi wako unamfahamu kwa jina, na mlango wake unaujua.

Nije kwa mwenyekiti. Pikapu ndiyo duka lako. Jumamosi tatu ni kazi tatu, na mafuta, na tairi, na siku ikipigwa mawe kwenye mkutano hakuna atakayekuja na fundi wa vioo. Hizo 50,000 ni zaidi ya nusu ya faida uliyopata kwenye mabweni mawili na jikoni. Ila hiyo siyo sababu yangu kubwa. Amekwambia waziwazi kwamba tenda zitatolewa kwa kuangalia nani alikuwa wapi. Maneno hayo yanakwenda kinyume na Sheria ya Ununuzi wa Umma, na mtu akikupa kazi kwa njia hiyo, anayekuja baada yake anapata sababu ya kutokulipa. Nimeona madeni ya namna hiyo. Gavana mpya anaingia, ukaguzi unaanza, na faili la kwanza kuwekwa kando ni la fundi anayejulikana kuwa mtu wa yule aliyeondoka. Unadhani ungelipwa 640,000 kama ungekuwa na chama. Mimi nadhani ungekuwa umeshaondolewa hata kwenye orodha.

Mjibu kwa adabu, usimtukane wala usimkimbie, ni jirani. Mwambie gari liko kazini na linakodishwa kwa siku kwa bei fulani, pesa mbele, ankara inatoka. Akikubali kukodi, mtoze kama ungemtoza mtu wa chama kingine. Mchango wa chama, kama moyo wako unapenda chama hicho, toa utakachoweza kukipoteza bila mke wako kuulizia. Kadi ya chama ni haki yako kikatiba, na kukaa bila kadi pia ni haki yako.

Na ukitaka tenda za serikali kwa njia iliyo wazi, asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wewe kwa miaka 41 umeshapita ujana wa kisheria. Mke wako ameweka hesabu za biashara hii miaka yote. Ikiwa atakuwa mwenye biashara kweli, kwa hisa na kwa maamuzi, mlango huo ni wake kuubisha. Jina lake lisiwe la kuazima.

Deni la 640,000 lisikae zaidi. Kusanya agizo la kazi, ankara uliyowasilisha ikiwa na muhuri wa kupokelewa, na cheti cha kumaliza kazi au barua ya mhandisi aliyekagua zile taa. Kama huna muhuri, hilo ndilo tatizo lako la kwanza, lianzie hapo. Peleka nakala kwa kamati inayokagua madeni na udai jibu la maandishi linalosema deni lako limetambuliwa, limekataliwa au linangoja nini. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka inayoonyesha madeni ya kila kaunti. Mwandikie naye nakala. Kisha mwone wakili mwezi huu, usingoje ujao. Kesi ya kuidai serikali ina muda wake, na muda huo unaweza kuwa mfupi kuliko wa deni la kawaida, na wewe unahesabu tangu 2022. Barua yoyote ambayo kaunti imekuandikia kulikubali deni, hata ya mistari miwili, usiitupe, mpe wakili aione.

Kwa kazi zijazo, ongeza sentensi moja kwenye makubaliano yako, hata kama ni ya ukurasa mmoja wa daftari: bei hii imewekwa kwa viwango vya ushuru vya leo, na sheria ikibadilika kabla ya kazi kwisha, pande mbili zitakaa kurekebisha bei. Isome mbele ya mteja kabla hajatia saini. Kazi unayopatana Mei na kuimaliza Agosti hupitia katikati ya Juni, na Juni ndio mwezi wanaobadilisha. Na palipoandikwa malipo, andika kwamba asilimia 3 itakayokatwa itafuatana na cheti. Karani wa shule angekuwa ameiona sentensi hiyo, usingempigia simu kwa hasira.

Kuhusu nyumbani, mke wako ana haki na wewe unajua, ndiyo maana ulimjibu vibaya. Usimletee mjadala wa vyama. Leo jioni kaa naye, mfungue iTax pamoja, yeye ndiye atakayejua kazi ipi ilikuwa ya tarehe ngapi. Jumlisheni vyeti vya zuio vya miaka miwili, mfananishe na daftari lake. Mkipata jumla niandikie, na kama kuna mteja aliyekata asipeleke, niambie ni kiasi gani na tarehe ngapi, nikusaidie kuiandika barua yake.

Wako katika safu hii.